Kingamwili Iliyonyamaza

Mtuhumiwa alikutwa na kichupa, na kichupa kilikuwa kitupu. Kwa wakubwa wa Inspekta Mwanahalima Khalfani pale kituoni, kesi ilikuwa imeshaiva. Kilichobaki ni kupakua. Kesho asubuhi Joel Sifaeli, mtaalamu wa maabara wa Hospitali ya Nasieku, angepandishwa kizimbani kwa wizi wa dawa ya kupimia saratani. Hata akija kushinda kesi baada ya mwaka mmoja, hakuna maabara Arusha nzima ambayo ingemkabidhi tena hata chupa ya mkojo. Mwanahalima alipewa siku hiyo moja kukusanya vielelezo. Hakupewa ili afikiri, lakini hilo alikuwa na mazoea nalo na hakuona sababu ya kuliacha.

Mambo yalianza hivi. Mama mmoja wa Akeri, Penina, mkulima wa kahawa na migomba, aliota uvimbe shingoni. Mwezi wa kwanza akakatwa kipande pale Nasieku, kikapimwa, akaambiwa si saratani, akarudi zake shambani. Uvimbe, ambao haukupewa nakala ya majibu, uliendelea kukua. Mwanawe Godwin akampeleka hospitali nyingine nje ya mkoa, na huko wakamwambia ni saratani ya tezi, tena imeshatembea. Godwin alirudi Arusha akaenda moja kwa moja polisi.

Mkuu wa maabara, Mzee Aristides, hakuwapa polisi kazi kubwa. Alieleza kwamba kipimo kile hutumia kingamwili, maji kidogo ndani ya kichupa kisichozidi kidole gumba, ghali kuliko dhahabu. Joel, alisema, alikuwa akiyachota na kuyauza Kwa Mrombo, kwenye maabara binafsi anakofanya kibarua jioni, kisha anajazia maji ya kawaida. Walipompekua Joel, kichupa kitupu cha kingamwili ileile kikadondoka kwenye begi lake. Sasa alikuwa mahabusu siku ya tatu.

Mwanahalima alianzia kwenye hadubini.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyepata F ya biolojia," alimwambia Daktari Diana. "Usiogope, ni kweli niliipata."

Daktari Diana alikuwa mtaalamu wa patholojia aliyeripoti kazini wiki hiyo. Aliyemtangulia alikuwa daktari wa kujishikiza, keshahamia Dodoma.

"Kila seli ina siku yake ya kufa," alisema Diana. "Ikichakaa inajimaliza yenyewe, bila vurugu. Sasa kuna protini moja ambayo kazi yake ni kuizuia isife. Ikiwa mahali pake ni nzuri. Ikiwa mahali pasipo pake, seli mbovu zinakataa kufa na zinajazana. Ndiyo saratani ya mama Penina."

"Na hii kingamwili?"

"Huyo ni mpelelezi mwenzako. Tunamdondoshea kwenye kipande cha tezi. Anaitafuta protini hiyo moja tu, akiipata anaing'ang'ania. Tukiweka rangi, palipo na protini pote panageuka kahawia. Tazama."

Mwanahalima aliinama kwenye hadubini. Aliona viduara vingi vimepangana, vyote vya bluu.

"Katikati ya hivyo viduara," alisema Diana, "seli zinatakiwa kufa. Kwa asiye na ugonjwa hapana kahawia. Kwa mwenye saratani hii, panakuwa kahawia tupu."

"Hapa hapana."

"Daktari aliyenitangulia aliishia hapo. Akaandika: si saratani."

"Na huku nje ya viduara, hizi zilizovizunguka?"

Diana alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama polisi. "Hizo ni seli za kawaida, askari wa mwili. Zenyewe zina protini hiyo siku zote, uwe mgonjwa, uwe mzima. Zilitakiwa kuwa kahawia."

"Hazina hata tone."

"Hata tone."

Mwanahalima alijinyoosha. "Kwa hiyo shahidi wenu hakusema kwamba hakuona kitu. Shahidi alikuwa amekufa."

"Amekufa, au ametiwa maji. Ukiangalia hapa huwezi kutofautisha."

"Hamna namna ya kumjaribu kabla hajatoa ushahidi?"

"Ipo. Kipande cha tonsi, ile nyama ya kooni, ambacho tunajua kina hiyo protini. Kinatakiwa kiwekwe pamoja na kila mgonjwa. Hapa kilikuwa kinawekwa mara moja tu, siku chupa mpya inapofunguliwa. Kubana matumizi."

"Kwa amri ya nani?"

"Mkuu wa maabara."

Kutoka hapo Mwanahalima na Sajini Lerionka walikwenda Kwa Mrombo. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kati ya fundi cherehani na mchinja kuku. Mwenyewe, Athumani, aliwapokea akiwa bado na glavu mkono mmoja.

"Joel ananisaidia jioni," alisema. "Kijana safi. Tangu Nane Nane ya mwaka jana tuko naye."

"Amewahi kukuuzia kingamwili ya saratani?"

Athumani alizungusha mkono kuonyesha mali yake yote: kabati moja, hadubini moja iliyochoka, bango lenye bei za malaria, mkojo, choo na ujauzito.

"Afande, hiyo kitu ningeitumia na nini? Inataka mashine ya kukatia nyama nyembamba kuliko karatasi. Mimi nyama naikata nyumbani, kwa kisu. Kuniuzia mimi hiyo dawa ni kumuuzia kipara kitana."

"Watu wanawauzia vipara vitana kila siku," alisema Lerionka.

"Basi nipekue."

Walimpekua, hawakupata kitu. Chumba cha Joel hakikuwa mbali. Nje palikuwa na banda la kuku, na juu ya banda, kwenye ubao, vichupa vinne vidogo ndugu wa kile cha begini, vimejaa dawa ya vifaranga. Joel alishawaeleza polisi tangu siku ya kwanza kwamba vichupa vikiisha huvichukua kwa ajili ya midomo yake, inayotoa tone moja moja, na kifaranga hanyweshwi kwa kijiko. Askari aliyemhoji aliandika maelezo hayo kisha akacheka.

Lerionka alimkamata kifaranga mmoja akamtazama. "Wamenenepa," alisema. "Lakini hili halimtoi ndani, afande. Watasema hakuuza, alimwaga. Watasema lolote."

Ilikuwa kweli. Mwanahalima alivifunga vichupa kwenye mfuko wa vielelezo na wakarudi Nasieku.

Mzee Aristides aliwakaribisha ofisini kwake kwa adabu ya mtu aliyekaa miaka mingi kwenye kiti cha mbele kanisani. Shati lilikuwa na pasi, meza haina vumbi, na majibu yake yalikuwa yakitangulia maswali.

"Mpaka Krismasi dawa ilikuwa nzima," alisema kabla hajaulizwa. "Wizi umeanza baada ya mwaka mpya. Liandike hilo, Inspekta."

"Nitaliandika. Umelijuaje?"

"Miaka yote hii nipo maabara. Nisijue?"

"Dawa ikitiwa maji inabadilika rangi?"

"Hapana."

"Inatoa harufu?"

"Haina harufu."

"Basi umelijuaje?"

"Joel alianza kibarua Kwa Mrombo mwaka mpya. Hesabu ni rahisi."

"Alianza Nane Nane. Mwenye maabara amesema."

Mzee Aristides alivua miwani akaifuta. "Pengine nimekosea hapo."

"Na mwenye maabara hakununua kitu. Hana hata pa kukitumia."

"Pengine aliuza kwingine."

"Au hakuuza. Pengine aliimwaga tu."

"Inawezekana. Vijana hawa hawaeleweki." Alivaa miwani. "Lakini mpaka Krismasi ilikuwa nzima."

Mwanahalima aliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Alikuwa amehoji waongo wa kila daraja, na waongo, ukiwabana, huanza kwa kubadilisha saa na siku. Huyu alikubali kuachia kila kitu, mnunuzi, bei, hata sababu ya wizi. Tarehe peke yake ndiyo aliyoishikilia kwa mikono miwili.

"Tuonyeshe friji," alisema.

Lilikuwa friji refu la chuma. Mlangoni pamebandikwa jedwali la jotoridi, limejazwa kwa mwandiko mmoja mzuri: nyuzi nne, nne, nne, mwezi hadi mwezi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Lerionka alilisoma lote kwa heshima.

"Friji hili lina tabia njema kuliko mimi," alisema.

Mzee Aristides hakucheka. Simu yake iliita, au alijifanya imeita, akatoka nje. Diana alibaki nao.

Mwanahalima alivaa glavu na kuanza kutoa boksi moja moja. Boksi la kingamwili ya Penina lilikuwa safu ya nyuma kabisa. Lebo yake ilikuwa imechanika kona, na mchaniko haukuwa wa makasi wala wa ukucha. Karatasi ilikuwa imenyofoka. Aliwasha tochi ya simu akamulika ukuta wa nyuma wa friji. Pale, usawa wa boksi, palikuwa na kipande cha karatasi kama ukucha wa kidole kidogo, kimenata kwenye chuma. Alikitoa kwa kibano, akakiweka juu ya lebo. Vikaingiana.

"Daktari, kwa nyuzi nne karatasi inaweza kunata kwenye chuma namna hii?"

"Haiwezi. Hapo palikuwa na barafu." Diana alilipokea boksi na kuligeuza ubavu. "Na hapa wameandika wazi: isigandishwe. Ikiganda, ikayeyuka, ikaganda tena, ndiyo basi. Kwa macho utaiona ileile, lakini haishiki tena kitu."

"Kuganda na kuyeyuka. Umeme ukikatika na jenereta likichelewa?"

"Inatosha kabisa."

Lerionka alikuwa amepiga magoti. Alionyesha kwa kalamu mistari ya kutu kwenye kuta za friji, mahali ambapo rafu ya kati ilikaa kwa miaka. Sasa rafu ilikuwa imepachikwa tundu moja juu zaidi. Mtu aliitoa, na alipoirudisha hakukumbuka mahali pake.

"Aliyetoa rafu alitaka nafasi," alisema. "Nafasi kubwa hivi." Kisha akapitisha kidole kwenye mfereji mdogo wa chini, kule ambako maji huchuruzika kwenda nje. Kidole kilitoka na utando mweupe wa mafuta yaliyokauka. Alinusa. Alinusa tena, macho amefumba. "Mbuzi."

"Una hakika?"

"Afande, mimi ni Mwarusha. Samaki ungeweza kunidanganya."

Walichukua sampuli ya mafuta, wakaiweka lakiri, wakaandika saa na mahali. Mbuzi ndani ya friji la maabara lilikuwa jambo la kuchekesha, lakini Mwanahalima alijua hakimu hacheki bure. Alihitaji mwenye mbuzi.

Simaloi, mama wa usafi, alikuwa akipiga deki kwenye korido. Mwanahalima alingoja amalize kipande alichokuwa nacho, maana kumkanyagia mtu deki si njia ya kupata habari.

"Mama, pole na kazi. Hivi hapa kazini kuna aliyefanya sherehe karibuni, ya kuchinja mbuzi?"

"Karibuni? Hapana." Simaloi aliegemea mpini. "Labda ile ya Desemba, mwanzoni. Kipaimara cha Angel, binti wa mkuu wetu wa maabara. Hospitali nzima tulikuwa kwake Sekei."

"Palikuwa na ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa?"

Simaloi alifunika mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikampita pembeni. "Weee, usinikumbushe! Ndafu imeingia na matarumbeta, ina majani mdomoni, imependeza kama bibi harusi. Mshereheshaji kapiga kelele, Angel kashika kisu. Kisu kikagoma! Nje imeungua, ndani barafu. Mchungaji kapewa paja la heshima, anatafuna, barafu inalia mdomoni kaa, kaa. Anatabasamu tu na machozi yanamtoka. Mpaka leo Sekei, Baba Angel tunamwita Bwana Barafu. Akipita lakini tunanyamaza."

Mwanahalima alicheka kwa moyo wote, mpaka ikabidi ashike ukuta. Halafu akauliza, "Mbuzi wa watu aligandia wapi?"

"Hilo sijui. Ila kwake umeme ulikatika wiki ile nzima. Mama Angel alikuwa analalamika nyama itaharibika."

Sasa alikuwa na mbuzi, na alikuwa na mwenyewe. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba mbuzi huyo ndiye aliyemkosesha Penina majibu, si maji ya Joel. Alirudi kwa Diana.

"Slaidi za zamani mnazitunza?"

"Zote. Ziko kwenye kabati la Mzee Aristides. Hakuna aliyewahi kuniomba nizitazame."

"Mimi naomba. Anzia Novemba."

Diana alizipanga kwa tarehe na kuanza kuzipitisha, huku Lerionka akiandika anachotajiwa. Novemba, chupa mpya, tonsi kahawia safi. Novemba, mgonjwa, askari wote wa pembeni kahawia. Wiki ya mwisho ya Novemba, vilevile. Kisha kikaja kipaimara. Slaidi ya kwanza baada yake ilikuwa bluu tupu. Ya pili bluu. Ya tatu bluu.

"Sasa nitazamie kingamwili nyingine," alisema Mwanahalima. "Zile zilizokaa safu ya nyuma pamoja na hii, halafu zile za mlangoni."

Diana alichukua muda. Mara moja alifuta lenzi na kuanza upya. "Za nyuma zimekufa zote," alisema mwishowe. "Za mlangoni nzima."

"Mwizi anachagua chupa," alisema Mwanahalima. "Baridi haichagui chupa, inaanzia iliyo karibu nayo. Mbuzi aliwekwa katikati, maboksi yakasukumwa yakagusa ukuta. Ni wangapi walipimwa kwa kingamwili hii tangu hapo?"

"Saba, Penina akiwemo. Wote waliambiwa hawana saratani." Sauti ya Diana ilikuwa imeshuka. "Saba, Inspekta. Wengine wako shambani kwao sasa hivi wanamshukuru Mungu."

"Wangapi kabla ya Krismasi?"

"Mmoja. Hii." Aliinyanyua slaidi kwenye mwanga. Haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu. Alikwenda kwenye kompyuta, akaandika namba hiyo, akasoma. Aligeuza kioo upande wa Mwanahalima.

Irine Aristides. Mke wa mtumishi. Uvimbe wa shingo, upande wa kushoto.

Mwanahalima aliitazama tarehe, na ile sentensi aliyoipigia mstari ikapata maana yake.

Mzee Aristides alikuwa amerudi ofisini. Walimkuta amekaa bila kufanya kitu. Mwanahalima alivuta kiti.

"Sheria inataka nikuonye kwanza, mzee. Hulazimiki kusema lolote, na utakalosema linaweza kutumika mahakamani. Unaweza kumwita wakili au ndugu."

"Ndugu nimwite wa nini?"

"Mbuzi wa kipaimara alilala wapi?"

Mzee alitazama mikono yake. Hakuruka wala hakukasirika. Alionekana kama aliyekuwa akilisubiri swali hilo kila mlango ulipogongwa.

"Sekei umeme haukuwepo," alisema. "Mbuzi keshachinjwa, keshatiwa viungo, wageni wamealikwa. Hapa kuna jenereta. Nikamleta kwenye buti ya gari. Nikatoa rafu, nikasukuma maboksi nyuma, nikazungusha swichi ya baridi mpaka mwisho. Siku tatu tu, Inspekta."

"Ndafu ilipokutwa ina barafu ndani, hukuiwazia dawa?"

"Niliwaza aibu."

"Dawa uliiwaza lini?"

"Godwin alipokuja na majibu ya mama yake."

"Na siku hiyohiyo ukamtaja Joel."

Nje, mgonjwa aliitwa jina dirishani, akaitwa tena. Lerionka alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Joel ni kijana," alisema Mzee Aristides. "Angekaa mwaka, miwili, angetoka. Nilijiambia hivyo. Lakini ukisema dawa ilikufa Desemba, na kile kipimo cha..." Hakumaliza.

"Cha Irine."

"Aliambiwa hana kitu! Tulikwenda kanisani kutoa shukrani, tukapeleka ndama. Angel aliimba. Mimi ndiye niliyemsomea majibu, nimemsomea kwa mdomo wangu." Alikuwa akilia sasa, bila sauti. "Ilitakiwa iwe nzima mpaka Krismasi. Ilitakiwa tu."

"Uvimbe umepungua?"

"Anafunga mtandio. Anasema baridi ya mlima mwaka huu imezidi."

Mwanahalima alimwonea huruma, na huruma hiyo haikumpunguzia hasira hata chembe. Aliwafikiria wale watano waliobaki, ambao hawakuwa wake za mtu yeyote pale, na ambao nao wangeachwa wafunge mitandio yao mpaka wafe ili tarehe ya Mzee Aristides isimame.

"Nahitaji maelezo yako sasa," alisema. "Joel anapandishwa kizimbani kesho asubuhi."

"Ukiandika mbuzi, unamwandika na Irine."

"Irine alishaandikwa, mzee. Sisi tunasoma tu."

Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko uleule mzuri wa kwenye jedwali la friji. Alipofika mahali pa mbuzi alisimama, kalamu hewani, Lerionka akadhani ataacha. Hakuacha. Alitia sahihi kila ukurasa, Lerionka akashuhudia.

Kituoni palikuwa na mabishano, maana kesi iliyoiva hairudishwi jikoni kirahisi. Mwanahalima aliweka mezani kipande cha lebo, mafuta ya mbuzi, slaidi kumi na maelezo ya onyo. Jua lilikuwa bado halijazama Joel alipokabidhiwa mkanda na kamba za viatu.

Hospitali kubwa ya Moshi iliwaazima kichupa kipya, kikaja kwenye boksi la kupooza, na safari hii Diana alikipokea mwenyewe na kukipima joto mlangoni. Tatizo lilikuwa mikono. Pale Nasieku kazi ile aliijua vizuri mtu mmoja tu. Diana alimpigia simu na kumwambia kwamba hakuna atakayemlaumu akikataa, anaweza kupumzika hata wiki nzima.

"Wanaosubiri ni wangapi?" aliuliza Joel.

"Sita. Penina keshapimwa kule."

"Wanajua kama wanasubiri?"

"Bado."

"Nakuja asubuhi."

Saa ambayo alitakiwa kuwa kizimbani, Joel alikuwa mezani pake, amenyoa, amevaa koti jeupe. Mwanahalima alikaa kwenye kona, kwa kuwa majibu hayo yangekuwa kielelezo na lazima mtu ashuhudie yalivyopatikana. Joel alikata upya nyama za wagonjwa zilizotunzwa. Aliweka kipande cha tonsi kwenye kila slaidi, jambo ambalo hakuwahi kuruhusiwa, na akadondosha kingamwili tone kwa tone. Slaidi ya Irine aliipa zamu yake, ya kwanza kwa tarehe, hakuitanguliza wala kuichelewesha zaidi ya nyingine. Haikuwa na jina, lakini namba ile aliiandika yeye mwenyewe mwezi Desemba na alijua ni ya nani.

Mchana slaidi zilikuwa tayari. Diana aliinama.

Tonsi zote kahawia. Askari wa pembeni kahawia, kwa wote sita. Kingamwili ilikuwa hai na inasema.

Aliisogeza ya kwanza chini ya lenzi. Alikaa nayo. Kisha akasogea pembeni ili Joel atazame, na baada ya Joel akatazama Mwanahalima, ambaye sasa hakuhitaji kuelezwa. Katikati ya kila kiduara palikuwa kahawia tupu.

"Ipo," alisema Diana. "Bahati yake ni ya polepole, haijasambaa kama ya Penina. Inatibika akianza sasa." Alizipitia tano zilizobaki. Nne zilikuwa safi. Ya mwisho nayo alikaa nayo muda mrefu, kisha akaiweka upande wa Irine.

Joel alivua glavu, akanawa mikono, akatundika koti msumarini.

"Mzee Aristides yuko nje," alisema Mwanahalima. Alidhaminiwa asubuhi na akaja moja kwa moja. "Nitamwambia mimi, au daktari. Wewe si kazi yako."

"Najua," alisema Joel, akafungua mlango.

Mzee alikuwa kwenye benchi la wagonjwa, Lerionka pembeni yake. Alipoona mlango unafunguka alisimama, miwani mkononi, akautafuta uso wa Joel kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. Tangu aajiriwe, hakuna asubuhi ambayo Joel alimpita mkuu wake bila kumwamkia, hata siku aliyokuja kazini ana homa. Sasa alimpita. Hakupunguza mwendo, hakuinamisha kichwa, hakufungua mdomo.

"Marahaba," alisema Mzee Aristides.